SOMO: CHETI CHA USALAMA WA KOMPYUTA NA MATOLEO MAPYA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaombwa wazingatie kwamba cheti cha usalama cha mfumo endeshi wa kompyuta hakitolewi kwa jina la mfumo, bali kwa toleo maalumu, lililopangwa kama lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Ni mithili ya chombo cha bahari: mkaguzi hupitisha jahazi aliloliona, siyo jingine la tajiri yule yule litakaloundwa mwaka ujao.

Vigezo vilivyopata umaarufu mkubwa vilitolewa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1983, vikarekebishwa 1985, katika kitabu kilichojulikana kwa rangi ya chungwa ya jalada lake. Madaraja yake yalianzia D, la chini kabisa, hadi A1. Daraja la C2 lilidai, pamoja na mengine, kila mtumiaji atambuliwe binafsi na matendo yake yawekewe kumbukumbu.

Tatizo lilikuwa muda. Windows NT 3.5 ilipata C2 Julai 1995, ilhali toleo la 3.51 lilikwisha kutoka Mei. Isitoshe, ilikaguliwa ikiwa peke yake, bila ya mtandao. Afisi iliyoiunganisha na mtandao ilikuwa nje ya cheti, hata kama karatasi imetundikwa ukutani. Toleo la 4.0, la mwaka 1996, lilisubiri hadi Desemba 1999, na Februari iliyofuata Windows 2000 ikaingia sokoni. Nayo Windows 2000 ilipata cheti Oktoba 2002, mwaka mzima baada ya kutoka Windows XP.

Ili kupunguza dhiki hiyo, Marekani iliweka utaratibu wa kudumisha daraja, ambapo mchambuzi wa kampuni yenyewe, baada ya kufundishwa, alipima kila badiliko na kulitolea ushahidi. Chini ya Vigezo vya Pamoja, vilivyoshika nafasi ya kitabu kile, kampuni huandika ripoti ya athari: badiliko dogo huongezwa kwenye cheti kilichopo, kubwa hurejeshwa kwenye tathmini.

Mtihani wa afisa uko kwenye viraka. Kiraka kikiwekwa, huenda kompyuta ikatoka katika hali iliyokaguliwa. Kisipowekwa, tundu linabaki wazi, na mwizi haulizi cheti. Kwa rai yetu tundu lizibwe kwanza, kisha tarehe na namba ya kiraka viandikwe daftarini ili mkaguzi avikute.

Afisi inayokusudia kununua mfumo kwa sababu una cheti idai ripoti ya cheti hicho, si tangazo la muuzaji, na ilinganishe namba ya toleo lililokaguliwa na ya toleo inalouziwa kabla ya kutia saini.