MEFIBOSHETI MEZANI KWA MUFALME
(Somo: 2 Samweli 4:4 na sura ya 9)



Katika sanduku ya maulizo tulikuta karatasi moja isiyo na jina. Aliyeandika anauliza: mutu anayejiona kuwa si kitu, Mungu anaweza kumufanyia nini? Hatujui ni nani, na hatutafuti kujua. Wengi hapa wako na ulizo hilo, ila wanalificha.

Tufungue 2 Samweli 4:4. Siku habari ilifika kwamba Sauli na Yonatani wamekufa vitani, mama mulezi alibeba mutoto wa Yonatani, akakimbia. Mutoto alikuwa na miaka 5. Katika ile haraka akaanguka, miguu yote mbili ikalemaa. Wale kati yetu waliokimbia Goma usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati Nyiragongo ilimwaga moto, wanajua namna mutu anabeba mutoto gizani bila kuona pa kukanyaga. Yule mama alitaka kuokoa. Vidonda vingine tulivyo navyo vilitoka kwa mikono ya watu waliotupenda, na ni nguvu kuvisema, maana tutamushitaki nani?

Mutoto akakomalia Lo-Debari, katika nyumba ya Makiri, si nyumba ya baba yake. Kisha mufalme Daudi akamuita. Angalia namna anajiita mwenyewe mbele ya mufalme: imbwa aliyekufa (9:8). Daudi hakumuita vile.

Hapa niseme yangu. Mimi nilirudia kalasi ya tatu. Biletini niliificha chini ya godoro, na mwaka muzima nilikaa nyuma kabisa. Mwalimu akiuliza, hata nikijua jibu, nilinyamaza. Kicheko cha wenzangu kiliisha kwa juma moja. Mimi niliendelea kujicheka.

Daudi hakubishana na lile neno la imbwa. Alimurudishia mashamba ya Sauli, akaamuru Siba na watoto wake 15 na watumishi wake 20 wayalime, na yeye akamupa nafasi mezani kama mutoto wa mufalme. Sababu ni nini? Mustari wa 7: ni juu ya Yonatani. Daudi na Yonatani walikuwa wamefanya agano (1 Samweli 20), na Mefibosheti hakutia kitu ndani yake. Hakuleta pointi wala nguvu. Sisi vilevile, tunapokelewa juu ya Yesu.

Sasa mustari wa mwisho. Kama ni sisi tunaandika, tungemaliza na miguu kupona. Biblia inasema alikula mezani siku zote, na miguu ilibaki na kilema. Kuna wahubiri wanaosema mutu akiamini vizuri machozi yanakauka siku ile ile, na kama hayakauki, imani yake ni kidogo. Maneno haya yanaongeza kidonda. Nafasi mezani haikungojea miguu. Mefibosheti alifikishwa pale leo, kesho na kesho kutwa, na nafikiri moyo wake ulipona polepole vile, saa ya chakula kwa saa ya chakula.

Kwa hiyo, mwenzetu akijifungia katika dortuari wakati tunakula bukari, mumoja asimame aende kumuita. Na wewe ambaye hulali usiku, ao umechoka kuishi, usibebe peke yako: ongea na mchungaji, muuguzi ao mutu muzima unayemutumaini. Mefibosheti naye hakujileta. Daudi alituma watu kumuchukua.

Kwa vikundi vya siku ya tano: someni 2 Samweli 19:24-30. Siba amemusingizia Mefibosheti, mashamba yanagawanywa mara mbili, na Mefibosheti anasema Siba achukue yote, maadamu mufalme amerudi salama. Ni yule yule aliyejiita imbwa aliyekufa. Munaona nini imebadilika ndani yake, na nini haijabadilika? Kila kikundi ilete jibu kwa maandiko.