Baridi, Moshi na Moyo
Ifikapo Juni hadi Agosti, wakazi wengi wa nyanda za juu, mathalani Njombe na Makete, hufunga madirisha na kuota moto wa mkaa. Moyo hapo hubebeshwa mizigo miwili. Baridi huibana mishipa ya damu, shinikizo likapanda. Nje nako, usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoa upesi na hewa yenye joto hukaa juu kama kifuniko. Moshi hutuama mabondeni mpaka jua lipande. Chembe zake zilizo ndogo kabisa hupenya mapafu na kuingia katika damu.

Wengi hudhani mkaa uliokwisha kukolea ni salama kwa kuwa hautoi moshi. La hasha. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoinyima damu oksijeni. Tunasisitiza jiko litolewe nje kabla ya kulala. Blanketi la ziada lina gharama, lakini halidhuru moyo. Atumiaye dawa za shinikizo asizikatize, na apimwe mara kwa mara msimu huu. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, pamoja na jasho jembamba, yasingojewe hadi asubuhi: mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.