Betri ya Kamera na Tarehe ya Picha: Somo kwa Wapiga Picha wa Dzaleka na wa Mipakani



Picha ni shahidi asiyesahau, lakini shahidi huyo huishi kwa betri. Betri ikiisha kabla ya wakati, picha haipigwi. Ikiachwa tupu kwa muda mrefu, kamera husahau tarehe, na picha zinazofuata hubeba siku isiyo ya kweli. Somo la toleo hili linahusu mambo hayo mawili.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe, na imepokea wakimbizi tangu mwaka 1994. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wapo wanaojipatia riziki kwa kamera katika harusi, ubatizo na Tamasha la Tumaini, lililoanza mwaka 2014. Umeme, hata hivyo, si wa kutegemewa. Januari 2022, Kimbunga Ana kilipoharibu kituo cha Kapichira katika mto Shire, mji wa Lilongwe nao ulionja giza. Mpiga picha hana budi kuujua uwezo wa betri yake.

Kuchaji

Kamera nyingi za sasa hutumia betri za lithiamu. Betri hizi hazihitaji kumalizwa kabisa kabla ya kuchajiwa. Wosia huo ulizihusu betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Kuzimaliza kila mara huzichakaza.

Muda wa kuchaji hukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Betri ya miliampea-saa 1,000, ikiwekwa kwenye chaja itoayo miliampea 500, huhitaji saa mbili na zaidi kidogo, kwa kuwa sehemu ya mwisho huingia polepole. Basi, aliyepata umeme kwa saa moja tu asiidharau: amekwisha kujaza karibu nusu.

Kutunza

Joto ni adui mkubwa. Mwezi wa Oktoba usiiache betri ndani ya gari lililofungwa wala juani kando ya paneli ya sola. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, betri hudhoofika kwa muda. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiwa kazini, punguza mwanga wa kioo cha nyuma, usitumie flashi bila haja, na acha kutazama picha moja baada ya nyingine.

Ukiipeleka betri kwa mwenye biashara ya kuchaji, andika jina lako juu yake, nakili namba yake na udai stakabadhi. Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala isitupwe motoni.

Tarehe na saa

Ndani ya kamera nyingi mna betri ndogo inayoendesha saa, nayo hulishwa na betri kubwa. Zote mbili zikiisha, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Tuseme duka limechomwa usiku, nawe umepiga picha ya tukio. Picha ikionyesha tarehe ya miaka mitano iliyopita, mtuhumiwa atakuwa na haki ya kuuliza: ni moto upi huo?

Kwa hiyo, kila unaporudisha betri, kagua tarehe. Ukigundua kosa baada ya tukio, usiibadilishe tarehe ya picha kwa kompyuta. Kabla ya kurekebisha saa ya kamera, piga picha ya saa iliyo sahihi, kwa mfano ya simu. Tofauti kati ya saa hizo mbili itamwezesha mpelelezi kukokotoa wakati halisi. Kisha peleka kituoni kadi yenyewe ya kumbukumbu, bila kufuta chochote, na ueleze kosa hilo waziwazi.

Wavukao mpaka wa Songwe wakumbuke pia kwamba Malawi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa saa nne asubuhi Kyela, Karonga ni saa tatu. Kamera nyingi hazijirekebishi zenyewe. Tena, kamera huhesabu saa kuanzia usiku wa manane: saa kumi jioni yetu huandikwa 16:00.

Maswali ya kujipima

1. Betri ya miliampea-saa 1,500 itachukua muda gani kwenye chaja ya miliampea 500?
2. Kamera iliyowekwa saa ya Malawi imeandika 18:30. Kyela ilikuwa saa ngapi?
3. Kwa nini upige picha ya saa sahihi kabla ya kurekebisha saa ya kamera?

Mpiga picha aliye mwangalifu huilinda riziki yake, na siku ya haja huweza kuilinda haki ya jirani. Tahadhari kabla ya hatari.