Kuandaa Nyumba Kabla ya Kufungiwa Intaneti

Mtumiaji wa huduma za mawasiliano hukubaliana na mtoa huduma juu ya kasi na bei, lakini mara nyingi haulizi lolote kuhusu nyumba itakayopokea vifaa. Fundi akifika na kukuta hakuna soketi, au antena haina pa kuelekea, kazi huahirishwa na gharama ya safari ya pili huweza kumwangukia mteja. Kwa mkazi wa Kighare, katika milima ya Upare, ambako gari hupanda kwa taabu wakati wa masika, safari hiyo si jambo dogo.

Anza kwa kukagua njia ya mawimbi. Intaneti itokayo kwenye mnara wa simu haipenyi mlima. Nyumba iliyo ukingoni yaweza kupata huduma njema, na ya jirani yake nyuma ya kilima isipate kitu. Zunguka nyumba ukiwa na simu yenye laini ya mtoa huduma uliyemchagua, upime kila upande, kisha urudie jioni ambapo watumiaji ni wengi. Pima nje, kwa kuwa paa la bati huzuia mawimbi. Itazame na miti: majani yaliyolowa hufifisha mawimbi, na mgomba mchanga wa leo waweza kuikinga antena kabla mwaka haujaisha.

Suala la umeme ndilo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo lenye hatari. Ruta hutumia umeme kidogo, lakini haivumilii umeme unaopanda na kushuka. Itengee soketi yake, wala usiichomeke pamoja na pasi au jokofu. Muhimu kuliko hayo ni waya wa ardhini. Antena iliyo juu ya paa, kwenye mwinuko, imo katika hatari ya radi, na nguvu hiyo hufuata waya hadi sebuleni. Mlimani udongo huweza kuwa mwembamba juu ya mwamba, hivyo fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini haitoshi kwa kuonekana tu. Ni lazima ipimwe kwa kifaa. Kazi hiyo mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuoneshe leseni hiyo. Radi inapoanza kunguruma kwa mbali, chomoa vifaa mapema. Ikiwa tayari iko juu yako, usiviguse.

Waya wa mtandao wa shaba usizidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Pima njia utakayopita, pamoja na kupanda ukuta na kuzunguka kenchi, si umbali wa moja kwa moja. Upitishe ndani ya bomba la plastiki, mbali na nyaya za umeme. Kabla haujaingia ukutani, uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu kisha upande, ili maji ya mvua yadondoke nje. Mafundi wenye haraka huliruka jambo hili dogo, na ukuta hulowa.

Ndani, ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba, mbali na moshi wa kuni. Kuta nene za matofali hupunguza mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi, ijapokuwa kasi yake ni ndogo.

Kabla ya kulipa, taka maelezo ya maandishi: urefu wa waya uliojumuishwa katika bei, nani atanunua nguzo ya antena, na malipo gani yatadaiwa iwapo mawimbi hayatapatikana. Hakikisha pia kwamba vifaa vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ukitokea mgogoro, peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, nawe utunze nakala na tarehe. Asipokuridhisha, yafikishe TCRA.