KARANGA ZENYE UKUNGU



Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 168, ametuamrisha tule vilivyo halali na vizuri. Wengi wetu huishia kwenye halali. Hebu tuangalie karanga.

Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wataalamu wakawalisha panya wa maabara mashudu hayo, nao wakapata saratani ya ini. Ndivyo ilivyojulikana sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Kenya, mwaka 2004, iliua watu 125 waliokula mahindi. Hapa Tanzania, mwaka 2016, watu wapatao 20 huko Dodoma na Manyara.

Kukaanga au kuchemsha hakuimalizi sumu hii. Na hapa Mwanza wapo kati yetu wanaouza karanga nzima, zilizosinyaa na zenye ukungu wakazitwanga za kuunga mboga ya watoto! Hizo zitupwe. Kuku pia asipewe. Mnaikumbuka hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka.

Je, na wale panya? Wanazuoni wengi wa zama hizi wameruhusu majaribio yenye haja ya kweli, kwa sharti la kutowatesa.

Karanga zikaushwe juu ya turubai, siyo udongoni, na zihifadhiwe pakavu.