Jina Lako na Jina la Mwenzako

Upo mchezo wa kuigiza ambao vijana wa shule katika nchi nyingi hupewa wausome, nasi twaona vema wazazi nao waufahamu. Waitwa The Crucible. Mtungaji wake ni Arthur Miller wa Marekani, nao ulichezwa mara ya kwanza New York mwaka 1953. Habari yake imetoka Salem, makazi ya Wapuritani katika nchi hiyohiyo, ambako mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa shtaka la uchawi, na mzee mmoja, Giles Corey, alilundikiwa mawe kifuani hata akakata roho.

Hesabu hiyo ya watu 19 si ngeni kwa watu wa Kilimanjaro. Tarehe 2 Machi 1900, pale Old Moshi, Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli na wenzake 18, miongoni mwao Mangi Molelia wa Kibosho na Mangi Ngalami wa Siha. Shtaka lao halikuwa uchawi, lilikuwa njama ya uasi. Wanahistoria wameandika kwamba maneno hayo yalipelekwa kwa Wajerumani na mshindani wao. Jina lake limo vitabuni. Hapa hatuna haja nalo. Tulitazamalo ni jambo moja lililo katika habari zote mbili: jina la mtu latamkwa mbele ya mwenye nguvu, na aliyelitamka arudi nyumbani salama.

Katika mchezo huo, wasichana wafumaniwa wakicheza ngoma porini usiku. Kwa kuogopa kiboko waanza kutaja majina. Mtumwa Tituba atishwa, naye atoa majina yaleyale ambayo wakubwa wametaka kuyasikia. Basi sheria ya mahakama yawa hii: anayekiri uchawi na kuwataja wenziwe aachwa hai, na anayesema kweli kwamba hajui uchawi apelekwa kamba­ni. Mbele ya mahakama kama hiyo uongo wanunua uhai, na ukweli wamponza mtu.

Mkatoliki asomaye hayo ataona mara moja ni kitu gani kilichopotoshwa. Nasi pia twafundishwa kuungama. Lakini katika Sakramenti ya Kitubio mtu huungama dhambi zake mwenyewe, wala si za jirani. Kanuni ya 979 ya Sheria ya Kanisa yamwamuru padre asiulize jina la mtu aliyeshiriki dhambi ya mwungamaji. Tena agizo hilo si jipya: Papa Benedikto XIV alikemea desturi ya kuulizana majina namna hiyo huko Ureno mwaka 1745. Maungamo ya Salem yalikuwa kinyume chake kabisa. Dhambi ya mtu mwenyewe haikumhusu hakimu. Alilotaka ni orodha.

Kwa kipimo hicho tumtazame John Proctor, mkulima. Yeye si mtakatifu. Alizini na Abigail Williams, msichana aliyekuwa mtumishi nyumbani mwake. (Jambo hili ni la mtungaji, katika kumbukumbu za Salem, Abigail alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12, na Proctor mzee wa miaka 60 hivi.) Amesikia kwa kinywa cha msichana huyo kwamba mambo ya porini hayakuwa uchawi. Angeweza kusema mapema. Asitasita, kwa kuwa kusema kungeifichua siri yake, na siku zile anazositasita watu watiwa gerezani. Twaomba msomaji asipite haraka mahali hapa. Wengi wetu hatujawahi kumsingizia mtu, lakini tumewahi kunyamaza ili tusiulizwe habari zetu.

Mkewe Elizabeth akamatwapo, Proctor aenda mahakamani na kuitangaza aibu yake mbele ya watu wote. Hapo ndipo mabadiliko yaanzapo. Elizabeth aitwa aulizwe kama ni kweli. Mwanamke huyu asiyesema uongo asema uongo siku hiyo moja, ili kuificha aibu ya mumewe, na kwa neno hilo ushahidi wote waanguka. Mary Warren, kijana aliyeletwa kusema kweli, azidiwa na hofu na kumgeukia Proctor mwenyewe. Tusimcheke, ni wachache wanaoweza kusimama peke yao mbele ya wenzao wanaopiga kelele.

Baadaye, gerezani, mume na mke wakutana. Elizabeth aungama baridi yake mwenyewe, badala ya kuhesabu makosa ya mume. Mchaga akiusoma ukurasa huo atakumbuka jani la isale, lile ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea, naye aliyeletewa haoni njia ya kukataa. Hata hivyo Proctor ashindwa kidogo tena: akubali kusema kwa mdomo kwamba alimtumikia Shetani, ili apate kuishi na kulea watoto wake. Lakini aulizwapo ni nani aliyewaona pamoja na Shetani, akataa. Atasema yaliyo yake tu. Kisha atambua kwamba karatasi yake itapigiliwa mlangoni mwa kanisa, ili iwaaibishe wale wanaokufa bila kusema uongo. Airarua, aenda kunyongwa pamoja na Rebecca Nurse, bibi mzee ambaye tangu mwanzo hakuyumba hata kidogo.

Mtungaji naye alipimwa. Mwaka 1956 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kuwataja wengine. Alitiwa hatiani mwaka 1957, na hukumu ikatenguliwa mwaka uliofuata.

Kuna pia mchungaji Hale, ajaye na vitabu vizito na hakika kubwa zaidi. Aona kosa lake, aiacha mahakama, kisha arudi kuwasihi wafungwa waseme uongo ili wapone. Huruma yake ni ya kweli. Shauri lake hatuwezi kulikubali. Lakini yeye akiri kwamba damu iko juu ya kichwa chake, na hakimu Danforth hakiri lolote.

Sasa tushuke vihambani. Kila Desemba magari hujaa barabarani kuelekea Moshi, na ndugu hukutana Marangu, Kilema, Kibosho, Rombo na Machame. Baada ya chakula huja kikao. Kwa nini kijana yule alifariki? Kwa nini biashara ya fulani imeanguka? Kisha mtu mmoja asema kwa sauti ya chini, tunamjua, na macho yote yageukia nyumba ya mjane mzee akaaye peke yake ukingoni mwa migomba. Katika mchezo, Giles Corey auliza swali la maana: mashamba ya waliohukumiwa yatanunuliwa na nani? Wenye vikao nao waulize: akifukuzwa mama huyu, kihamba kitabaki kwa nani?

Katika sura ya 13 ya Danieli, kijana yule hakuwasikiliza wazee wawili waliomshtaki Suzana wakiwa pamoja. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake, na maneno yao hayakupatana. Salem iliwaacha wasichana wasimame pamoja. Mmoja akipiga ukelele, wote walipiga. Baba wa ukoo akisikia jina limetajwa, amwite aliyelitaja peke yake, amwulize: wewe uliona nini kwa macho yako?

Na yule aliyekwisha kutaja, afanye nini? Mchezo hausemi, lakini kumbukumbu za Salem zasema. Ann Putnam alikuwa msichana wa miaka 12 alipowashtaki watu wengi. Mwaka 1706, wazazi wake wakiwa wamekwisha kufa, alisimama kanisani mbele ya watu wa kijiji huku mchungaji akiyasoma maungamo yake. Alisema alidanganywa na Shetani, na huenda alijihurumia kidogo hapo. Lakini alitamka kwamba watu wale hawakuwa na hatia, akamtaja Rebecca Nurse na dada zake wawili, akawaomba msamaha jamaa zao. Siku hiyo alipokewa katika ushirika wa kanisa lile, na Ann akaketi.