RANGI MBILI AU RANGI MOJA?
Somo la kulinganisha rangi za kope

Katika mkoba wa mpambaji wa maharusi huweza kuonekana vikebe vitano vya rangi ya kope, kila kimoja kikiwa na jina lake na bei yake. Kimoja kimepewa jina la kahawa, cha pili jina la udongo, cha tatu jina la machweo. Lakini poda hizo zipakwapo juu ya ngozi, tatu kati yake hutoa hudhurungi ile ile. Kwa mtu ajipambaye mara moja moja, hasara hiyo ni ndogo. Kwa mpambaji, ambaye mkoba ndio mtaji wake, hiyo ni fedha iliyolala, ilhali rangi anayoihitaji bado imo dukani.

Kosa hili halitokani na uzembe. Lina sababu zake katika fizikia ya nuru na katika maumbile ya jicho. Jicho la binadamu ni hodari wa kulinganisha rangi mbili zilizowekwa pamoja, lakini ni dhaifu wa kuikumbuka rangi moja iliyoachwa nyumbani. Kwa hiyo mnunuzi anayetegemea kumbukumbu hutumia uwezo wa jicho ulio mdogo, na kuuacha ule ulio mkubwa.

Jina si kipimo

Majina mengi ya rangi katika Kiswahili yametokana na vitu: kijivu ni rangi ya majivu, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni ya tunda, na damu ya mzee yajieleza yenyewe. Majina hayo yatosha kwa mazungumzo, lakini kila moja lachukua eneo pana. Majina ya vikebe ni mapana zaidi, kwa kuwa hutungwa ili kuvutia wanunuzi.

Mwaka 1905 mchoraji wa Marekani, Albert Munsell, alichapisha utaratibu wa kuieleza rangi kwa sifa tatu. Ya kwanza ni jamii yake: nyekundu, njano, kijani, buluu au zambarau. Ya pili ni kiwango cha weupe au weusi wake. Ya tatu ni ukolevu wake, yaani kadiri ilivyo mbali na kijivu. Poda ya kope huongeza sifa ya nne, nayo ni mng'aro. Poda nyingi zinazometa huwa na vipande vyembamba vya ulanga vilivyofunikwa kwa titani dioksidi, na vipande hivyo huakisi nuru kwa namna tofauti kila pembe ya kutazamia ibadilikapo. Rangi mbili zinazolingana kwa sifa tatu za kwanza, moja ikiwa yenye kumeta na nyingine isiyometa, hazifanyi kazi moja.

Jirani hubadili rangi

Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa usimamizi wa idara ya utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilionekana hafifu zilipofumwa pamoja na buluu na zambarau. Chevreul alizilinganisha nyuzi hizo na nyingine nyeusi, akaona kwamba hazikuwa na kasoro. Lililozibadili machoni mwa watu ni rangi jirani. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 1839.

Jambo hilo hilo hutokea dukani. Hudhurungi iliyozungukwa na rangi za waridi huonekana tofauti na hudhurungi ile ile iliyozungukwa na kijani. Vivyo hivyo, poda iliyoshindiliwa kikebeni huonekana nzito kuliko inapopakwa, kwa sababu utando mwembamba huruhusu rangi ya ngozi kuonekana kupitia kwake. Ndiyo maana poda mbili zinazotofautiana kikebeni zaweza kulingana juu ya ngozi nyeusi, na poda hafifu yenye weupe mwingi yaweza kugeuka majivu juu ya ngozi hiyo.

Nuru nayo hubadili

Katika retina mna aina tatu za seli koni zinazopokea nuru ya rangi. Ubongo huitambua rangi kwa kulinganisha mwitikio wa aina hizo tatu tu. Kwa hiyo michanganyiko miwili ya kemikali iliyo tofauti yaweza kuziamsha seli hizo kwa kiasi kile kile chini ya taa moja, ikaonekana rangi moja. Chini ya nuru nyingine ikaachana. Hali hiyo huitwa metamerizimu. Taa ya nyuzi ya moto ina mawimbi marefu mengi, yaani mekundu, na buluu kidogo. Taa nyeupe za dukani zina mgawanyo mwingine wa mawimbi, na nuru ya mchana ina wake.

Karatasi ya viambato husaidia kwa sehemu. Rangi nyingi za hudhurungi hutokana na oksidi za chuma, jamii ile ile ya kemikali inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Katika orodha, oksidi nyekundu hutajwa kwa namba 77491, ya njano 77492, nyeusi 77499, na titani dioksidi 77891. Hata hivyo, orodha ya namba hizi haitaji kiasi cha kila kimoja. Na alama ya +/− huonyesha kuwa orodha hiyo yaweza kuwa ya vikebe vyote vya jamii hiyo. Orodha inayofanana si uthibitisho wa rangi moja.

Jaribio

Vifaa: poda mbili zinazoshukiwa kufanana, vijiti viwili vya pamba, na kadibodi ya kijivu yenye tundu la upana wa sentimita 2.

1. Poda zipakwe ndani ya mkono, chini ya kiganja, kwa kiasi kimoja na kwa idadi moja ya mipako. Mistari miwili iguse ubavu kwa ubavu, pasiwe na nafasi katikati.
2. Mkono utazamwe kivulini karibu na dirisha, si katika jua kali, kupitia tundu la kadibodi. Kadibodi huziba rangi jirani.
3. Mpaka kati ya mistari uchunguzwe. Ukitoweka, rangi zimelingana katika nuru hiyo.
4. Hatua ya 3 irudiwe chini ya taa, kisha mkono uinamishwe pole pole ili mng'aro uonekane.

Mpaka ukitoweka katika nuru zote mbili na katika kila pembe, kikebe cha pili hakiongezi kitu. Ukitoweka katika nuru moja tu, hiyo ni metamerizimu. Anayekwenda dukani achukue kikebe chake cha nyumbani, apake mistari yote miwili papo hapo, kisha asogee mlangoni kwenye nuru ya mchana. Poda ya kujaribia isipakwe kwenye kope, kwa maana vidole na brashi za watu wengi huweza kuhamisha vijidudu vya macho.

Rangi kwa namba

Mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Nuru, ijulikanayo kwa herufi CIE, ilipendekeza kipimo kinachoipa kila rangi namba tatu: L kwa weupe, a kwa wekundu au ukijani, na b kwa unjano au ubuluu. Umbali kati ya rangi mbili hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Chukuliwe kwa mfano poda moja yenye 52, 18 na 14, na nyingine yenye 58, 21 na 16. Tofauti ni 6, 3 na 2. Miraba yake ni 36, 9 na 4. Jumla ni 49, na kipeo chake cha pili ni 7. Tofauti iliyo chini ya 1 kwa kawaida haionekani, lakini 7 huonekana waziwazi rangi ziwekwapo pamoja. Namba hizo hupimwa kwa spektrofotomita. Pasipo chombo hicho, mpaka kati ya mistari miwili ndio kipimo cha mnunuzi.

Maswali

1. Kwa nini mistari miwili haina budi kugusana?
2. Poda ya tatu ina 53, 20 na 16. Tafuta umbali wake na poda ya kwanza iliyotajwa juu. Je, mpambaji aliye na poda ya kwanza ainunue hii? Toa sababu.
3. Eleza kwa nini fundi cherehani hutoka nje ya duka anapotafuta uzi wa kulingana na kitambaa.